Mtaalamu wa wanyamapori wa wilayani: anaitwa kushauri, au anaitwa uamuzi ukiwa tayari?

Nyayo_za_Kusini (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu jamvini.

Mimi nimesomea baiolojia ya wanyamapori na nafanya kazi wilayani, kusini huku kwenye mikorosho, upande ambao tembo wa Selous wanapita kwenda Niassa, Msumbiji, na kurudi. Wilaya siitaji, ugali wangu unatoka hapo. Nina jambo limenikaa rohoni muda mrefu na leo nimeona nilitoe.

Kuna mwaka ulikuja mradi wa kuchimba lambo pembezoni mwa pori. Nia ilikuwa njema kabisa. Ilisemwa kwamba kiangazi tembo wanatoka kufuata maji vijijini, basi tuwapelekee maji wakae hukohuko. Nikaagizwa niandike ushauri wa kitaalamu. Nilitembea eneo lile siku nane na askari wawili wa wanyamapori wa kijiji. Tulipima nyayo kwa futi ya kamba, na kila tulipokuta kinyesi tulikifungua kwa kijiti. Kimoja nakikumbuka hadi leo, kilikuwa bado kina joto kidogo. Ndani zilikuwemo korosho nzima nzima, zaidi ya thelathini, ganda halijapasuka hata moja. Tembo alikuwa amekula mabibo, yaani matunda ya mkorosho, korosho zimempita tumboni zikatoka kama zilivyoingia. Karibu vinyesi vyote vya njia ile vilikuwa hivyo.

Kwa hiyo mnyama yule hakuwa anatoka porini kwa kiu. Maji alikuwa anayo mtoni, nyuma yake. Alikuwa anafuata mabibo, na kilichokuwa kinamzuia asikae sana mashambani ni umbali: anywe mtoni jioni, atembee usiku, ale, awahi kurudi mtoni kabla hakujapambazuka. Lambo likiwekwa pale lilipopangwa, kilomita tatu kutoka mashamba ya kwanza, tunakuwa tumemwondolea ile safari yote.

Nikaandika kurasa tisa pamoja na ramani. Nikapendekeza lambo lirudi ndani zaidi ya pori, na nikaonyesha sehemu mbili zenye udongo unaoshika maji. Siku ya kikao nilipewa dakika tano, baada ya chakula cha mchana. Mkandarasi alikuwa ameshapatikana na vigingi vya vipimo vimeshasimikwa. Lambo likachimbwa palepale.

Oktoba iliyofuata, mabibo yalipoiva, mzee mmoja wa kijiji cha karibu alivunjiwa mikorosho arobaini na kitu kwa usiku mmoja. Mkorosho ukivunjwa matawi wakati huo, msimu umekwisha, na kurudi ulivyokuwa ni miaka. Nilipokwenda kukagua hasara kwa ajili ya kifuta jasho alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, wewe si ndiye mtaalamu? Mbona hukuwaambia?"

Niliwaambia. Ila ushahidi kwamba niliwaambia ni sentensi moja kwenye muhtasari wa kikao: "Taarifa ya mtaalamu ilipokelewa." Kurasa tisa zimeishia hapo.

Sidai mtaalamu ndiye aamue. Kuna bajeti, kuna mifugo inayotaka maji, kuna mambo ya ardhi ambayo nyayo za tembo haziwezi kuyajibu. Wenye dhamana waamue. Ninachotaka ni kwamba ushauri uingie kwenye muhtasari ulivyo, mwananchi auone kabla uamuzi haujafanywa, na anayeamua kinyume aandike sababu yake na kuweka sahihi. Mzee yule angekuwa na karatasi ya kusoma badala ya kunishika mkono mimi.

Naomba tujadili. Kama kuna mahali mambo haya yanafanyika vizuri, nitafurahi kusikia.

Mzee_wa_Dungu

Mleta uzi, pole kwa kazi. Mimi ni mkulima wa mpunga, Rufiji. Nakuunga mkono nusu, nusu nyingine nakudai.

Wataalamu wengi sisi tunawaona kupitia kioo cha gari. Wanafika kwa mwenyekiti, wanasaini kitabu cha wageni, jua likianza kushuka wanaondoka. Wanyama wanaotusumbua ni wa usiku. Huyo mtaalamu ameshauri nini juu ya usiku ambao hajaulala?

Miaka ile ya mwanzoni mwa 2000 simba walitumaliza huku. Tulikuwa tunalala dunguni kulinda mpunga. Kwa asiyejua, dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi, kuta ni makuti au hakuna kabisa. Shemeji yangu alishuka usiku kuchochea moto. Tulisikia kuni zikianguka tu. Asubuhi tulifuata alama ya kuburuzwa kwenye mpunga uliolala, hatukwenda mbali.

Waliokuja na bunduki waliuliza simba kaelekea wapi. Baadaye akaja kijana mtafiti, Mtanzania mwenzetu, akakaa kijijini kwetu wiki mbili, chakula chake anakula na sisi. Swali lake la kwanza lilikuwa: mlikuwa mnalinda nini? Tukamwambia nguruwe. Nguruwe pori ndio wanaomaliza mpunga, tena wakiingia shamba ni kama limepita trekta. Akaandika. Kabla yake hakuna aliyekuwa ametuuliza hilo.

Mtaalamu wa namna ile, asikilizwe hata usiku wa manane.

Kijana_wa_Mweka

Mzee wangu shikamoo, na pole sana kwa msiba ule.

Nipo Mweka, chuo cha wanyamapori, mwaka wa pili. Ulichosimulia tumekisoma darasani. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha andiko la Craig Packer, ambalo Watanzania wawili, Dennis Ikanda na Bernard Kissui, ni miongoni mwa waandishi wake. Walikusanya kumbukumbu wakakuta kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308, wengi wao maeneo ya kusini, Rufiji na Lindi yakiongoza. Mashambulizi yanapanda wakati wa mavuno. Sehemu ambazo pundamilia na swala wamekwisha lakini nguruwe pori wamebaki wengi, simba anamfuata nguruwe, nguruwe anafuata shamba, na mkulima amelala katikati yao.

Ukishajua hivyo, dawa inabadilika. Kuua simba mmoja baada ya msiba kunatuliza hasira, lakini nguruwe wakiendelea kujaa shambani simba mwingine atakuja. Ushauri ukawa ni kupunguza nguruwe kuzunguka mashamba na kufanya malazi ya walinzi wa mazao kuwa salama zaidi. Jibu hilo lisingepatikana bila watu kwenda kukaa vijijini na kuuliza.

Mzee_wa_Dungu

Marahaba mwanangu. Soma kwa bidii.

Hoja_Kwanza

Nimesoma wote kwa makini, na nampa pole mzee. Ila naomba niseme yale ambayo wengine wanayafikiria bila kuyasema.

Kwanza, diwani na mbunge wamepigiwa kura. Mtaalamu hajapigiwa kura na mtu. Tukiweka utaratibu kwamba kila uamuzi unaopishana na mtaalamu uandikiwe maelezo, kesho viongozi wataogopa kuamua na kila kitu kitasubiri ripoti. Vijiji vinahitaji maji, barabara, umeme.

Pili, utafiti wetu mwingi wa wanyama unalipiwa na wafadhili wa nje. Anayelipa ndiye anayechagua swali. Mkulima wa Rufiji hana fedha za kulipia swali lake.

Tatu, tusisahau chura wa Kihansi, kule kwenye bwawa la umeme. Nchi yenye shida ya umeme ikaanza kuhangaika na chura wa kutoshea kwenye kijiko. Hapo ndipo wanabaiolojia walipotufikisha.

Mlimba_Stesheni

Mkuu Hoja_Kwanza, naomba nikujibu la tatu tu, maana mimi nimezaliwa bonde la Kilombero na Kihansi naijua kwa miguu.

Chura yule aligunduliwa 1996, ujenzi wa bwawa ukiwa umeshaanza. Waliomfikisha kwa wanasayansi wa dunia wakampa jina la kitaalamu mwaka 1999 ni pamoja na Profesa Kim Howell, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo mingi. Sasa angalia tarehe. Tathmini ya viumbe wa korongo lile ingefanywa kabla fedha hazijatolewa na mkandarasi hajafika, chura angeonekana kwenye karatasi wakati bado kuna nafasi ya kuchora mitambo kwa namna nyingine. Aliulizwa nani aende kutazama korongo kabla? Wanabaiolojia walifika wakakuta tingatinga liko kazini.

Na umeme haukuzuiwa. Mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja iliwashwa, jumla megawati 180, na inazalisha hadi leo. Kilichotokea ni kwamba karibu asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yanaanguka pale yakaelekezwa kwenye handaki la mitambo. Mimi niliwahi kusimama karibu na maporomoko yale kabla ya bwawa, nikiwa mtoto, na baba. Huhitaji mvua kulowa pale. Ule ukungu wa maji unakupiga usoni, nguo zinashikana na mwili, majani yote yanatikisika muda wote. Chura yule, ambaye mkubwa wake hafiki sentimita tatu, alikuwa anaishi kwenye ukungu ule tu, eneo la hekta chache. Halagi mayai, anazaa watoto wadogo kama punje ya mchele. Ukiondoa ukungu umemwondoa yeye.

Ndipo zikaanza gharama ambazo wewe unazilaumu. Mwaka 2000 walichukuliwa karibu 500 kwenda Bronx Zoo, New York. Korongoni zikafungwa bomba za kunyunyizia maji ili kuiga maporomoko. Idadi ikapanda tena hadi kufikia maelfu, halafu 2003 ikaporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura duniani kote ulikutwa pale. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 baadhi wakarudishwa kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Safari yote hiyo ya kwenda Marekani na kurudi ni bei ya kumuuliza mwanabaiolojia kwa kuchelewa. Ukimuuliza mapema unalipa posho ya wiki chache na mafuta ya gari.

Hoja_Kwanza

Mlimba, hilo la tarehe sikuwa nalijua, na nakubali linabadilisha hoja yangu ya tatu. Hizo mbili nyingine bado nazishikilia.

Mtaita_wa_Voi

Hamjambo wenzetu wa Tanzania. Nafuatilia uzi huu nikiwa Voi, na nimeona niwaeleze la kwetu kwa sababu linafanana mno na hili lambo la mleta uzi.

Mwishoni mwa Juni 2018 vifaru weusi walianza kuhamishwa kutoka mbuga ya Nairobi na Ziwa Nakuru kuletwa hifadhi mpya ndani ya Tsavo Mashariki. Walioletwa ni 11. Wote walikufa. Wa mwisho alishambuliwa na simba akiwa tayari hali yake ni mbaya. Msije mkadhani Kenya haijui kuhamisha vifaru: wizara yenyewe ilieleza kwamba kati ya 2005 na 2017 walihamishwa 149 na waliokufa ni wanane tu. Madaktari wanaojua kazi walikuwepo, magari yalikuwepo, fedha za wafadhili zilikuwepo.

Kilichowaua kilikuwa ndani ya birika la kunyweshea. Maji ya visima vingi huku kwetu ni ya chumvi. Mimi nimelelewa nayo. Mama akichemsha maharagwe kwa maji ya kisima yanakaa jikoni mchana kutwa na bado ni magumu, na sufuria inabaki na ukoko mweupe ambao hautoki hata ukikwaruza kwa mchanga. Ndiyo maana mji wa Voi unategemea bomba la Mzima, na mfereji ukikauka watu wananunua mitungi. Sasa mchukue kifaru aliyezoea maji yasiyo na chumvi nyingi, mfungie mahali ambapo maji ni hayo tu. Anakunywa, chumvi inamzidishia kiu, anakunywa tena. Ule mwili mkubwa unakauka huku tumbo limejaa maji.

Uchunguzi uliongozwa na Profesa Peter Gathumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtaalamu wa magonjwa ya wanyama. Ulikuta wanyama walilemewa na misukosuko mingi kwa pamoja, sumu ya chumvi ikaizidisha, na juu yake kukawa na ukosefu wa maji mwilini, njaa, bakteria kwenye njia ya hewa na vidonda vya tumbo. Waziri wa wakati ule, Najib Balala, alisimamisha uhamishaji na maafisa wakasimamishwa kazi.

Sisi Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeunda kamati mpaka ngazi ya kaunti. Kwa hiyo karatasi tunazo, dada au kaka mleta uzi. Lakini swali la kama maji haya yanamfaa mgeni ni swali ambalo mtu yeyote wa huku, awe amesoma au hajasoma, angelijibu akiwa amesimama mlangoni mwake. Mimi nalia na hilo. Vifaru weusi hatuna wengi wa kujaribia.

Nyayo_za_Kusini (mleta uzi)

Ni dada, asante kaka wa Voi. Nimesoma habari ya maharagwe mara mbili. Kuna mambo hayamo kwenye vipimo vya maabara na yamo kwenye sufuria ya mtu.

Hoja_Kwanza, nakujibu kwa heshima kwa sababu umeuliza maswali ya haki.

Kuhusu kupigiwa kura: ndiyo maana sitaki mtaalamu awe na kura. Nataka diwani anayepiga kura awe amesoma nini kitatokea. Akiamua lambo likae karibu na mashamba kwa sababu ng'ombe wa kijiji wanalihitaji kuliko tembo, hiyo ni sababu halali kabisa, na mimi nitainua mikono. Iandikwe basi. Maana mabibo yakiiva na hasara ikaja, tutajua ilikuwa gharama iliyokubaliwa, na tutaiwekea fungu la fidia mapema badala ya kumzungusha mkulima ofisini.

Kuhusu wafadhili umenigusa. Ni kweli, swali la mwenye fedha ndilo linalopata gari. Ila angalia sensa ya tembo. TAWIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa wanyamapori, wamekuwa wakihesabu kwa ndege kwa miaka mingi. Mwaka 2009 nchi ilikuwa na tembo 109,051. Hesabu ya 2014 ikaleta 43,330. Huku kwetu Selous ilikuwa mbaya zaidi: 70,406 mwaka 2006, 38,975 mwaka 2009, 13,084 mwaka 2013. Fedha za ndege zilichangiwa na wa nje, sawa, lakini waliokaa dirishani kuhesabu walikuwa vijana wetu, na namba zilitangazwa na serikali yenyewe, mbele ya watu wote. Sisi tuliokuwa porini miaka ile tulikuwa tunaona mizoga. Kila mtu alikuwa na hadithi yake na kila hadithi ilikuwa inabishiwa. Namba zilipowekwa mezani, ubishi ulikwisha na ujangili ukaanza kushughulikiwa kama janga la taifa. Kwa hiyo dawa ya fedha za wafadhili naiona ni kutenga zetu kidogo kwa maswali ya Rufiji, na kutangaza majibu yote bila kuchagua.

Mfuata_Nyayo

Dada umeuliza mahali ambapo mambo yanafanyika vizuri. Mimi nimefuata nyayo kwenye vitalu vya uwindaji wa kitalii miaka 19, sasa nimepumzika. Najua wengi humu hawaupendi uwindaji, na sikuja kuutetea. Nakuja na mfano mmoja tu wa ushauri wa kitaalamu uliogeuka kuwa kanuni.

Zamani dume la simba likishakuwa na manyoya shingoni lilikuwa halali kupigwa. Watafiti wa Serengeti walionyesha kwa miaka mingi ya kufuatilia makundi kwamba ukiua dume linalotawala, madume wageni wanaingia na kuua watoto wote wa yule aliyeondoka. Risasi moja inaondoa simba wengi. Lakini dume likifika miaka sita, watoto wake wa kwanza wameshakua. Kanuni za uwindaji wa kitalii za 2010 zikaweka miaka sita kuwa umri wa chini, na fuvu na meno yanakaguliwa baadaye kuona kama mwindaji alidanganya.

Utajuaje umri wa simba aliye hai? Pua. Simba kijana pua yake ni ya waridi. Miaka ikienda inaingia madoa meusi kama mtu amenyunyiza masizi, na ikishakuwa nyeusi zaidi ya nusu, huyo ni mtu mzima. Kuna jioni moja nilikaa mafichoni na mgeni aliyekuwa amelipa fedha nyingi na zimebaki siku mbili arudi kwao. Dume lilikuwa zuri, manyoya meusi mpaka kifuani. Mgeni kidole kipo tayari. Mwindaji bingwa wetu akasema subiri ageuke. Tukasubiri kama nusu saa, simba anakula tu na kichwa kiko ndani ya mzoga. Alipoinua uso, pua ilikuwa ya waridi karibu yote. Tukashusha bunduki.

Kanuni ile ilifanya kazi kwa sababu mtu wa mwisho kabisa, aliyelala kwenye nyasi kama mimi, angeweza kuihakiki kwa macho yake. Ushauri wenu mwingi, dada, umeandikwa kwa maneno ambayo diwani hawezi kuyaona kwa darubini. Nalo mlifikirie.

Na la mwisho, nimeumia kuona kilichotokea upande wa Enduimet, kaskazini mpakani na Kenya, mwishoni mwa 2023 na mapema 2024, madume wa tembo wenye meno makubwa wakipigwa na wawindaji huku wakiwa ni walewale wanaofahamika Amboseli, upande wa Kenya, ambako watafiti wamekuwa wakiwafuatilia tembo mmoja mmoja tangu 1972. Kulikuwa na makubaliano ya miaka mingi kati ya pande mbili kuwaacha. Kabla leseni haijatoka, simu moja kwa watu wanaowajua wale tembo kwa masikio yao ingetosha.

Kijana_wa_Mweka

Dada Nyayo, naomba kuuliza kama mwanafunzi. Itakuwaje mtaalamu akikosea? Tukishaweka ushauri wake wazi na ukafuatwa, halafu mambo yakaharibika, nani atamwamini tena?

Nyayo_za_Kusini (mleta uzi)

Nimeshakosea, tena mbele ya watu, kwa hiyo naweza kukujibu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipeleka uzio wa pilipili kwenye vijiji viwili. Unasaga pilipili kichaa, unachanganya na oili chafu ya gari, unalowanisha vitambaa, unavitundika kwenye kamba ya katani kuzunguka shamba. Tembo akinusa anageuka. Nilikuwa nimesoma kwamba unafanya kazi, na ni kweli unafanya. Nikawaambia wapake kila baada ya wiki tatu. Mvua za Februari zikaanza, mahindi yako kwenye maziwa, na tembo wakaingia kana kwamba hakuna kamba. Ekari sita kwenye kijiji kimoja.

Nilipofika, mama mmoja alinipeleka kwenye nguzo yake akaniambia nishike kitambaa. Nikakishika, nikakinusa. Hakikuwa na harufu yoyote. Maji yalikuwa yamekiosha, chini kwenye udongo kuna alama ya mafuta. Akasema, "Mimi nilijua siku ya pili ya mvua. Ila wewe ulisema wiki tatu." Yeye alikuwa na oili iliyobaki kwenye dumu, hakupaka kwa sababu mtaalamu kasema siku bado.

Niliitisha mkutano wa kijiji nikasema nimekosea, nikaandika upya maelekezo: paka baada ya kila mvua kubwa, na anayesema harufu imekwisha ni mwenye shamba. Yule mama ndiye aliyesimamia msimu uliofuata. Kijana, hawakuacha kuniamini. Walianza kunipigia simu zaidi kuliko mwanzo, usiku hata saa nane. Niliweza kurekebisha kwa sababu ushauri wangu ulikuwa umebandikwa kwenye ubao wa kijiji na kila mtu aliona neno "wiki tatu". Ungekuwa umefungiwa kwenye faili, ningeweza kusema sikuandika hivyo.

Mfuata_Nyayo, la pua nimelichukua. Ile ripoti ya kurasa tisa ninaiandika upya iwe ukurasa mmoja, na sentensi ya kwanza itakuwa juu ya korosho kwenye kinyesi. Mwaka huu kuna mpango mwingine wa kugawa mashamba, sehemu ambayo tembo wanavuka. Kanuni za shoroba, yaani mapito ya wanyamapori, za 2018 zipo na nitazinukuu, ila nitakwenda kikaoni na mfuko wa zile korosho. Nimeomba pia ushauri wangu usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kikao cha wilaya. Mwenyekiti wa kijiji amekubali. Wa wilaya bado hawajajibu.

Hoja_Kwanza

Kusomwa kwenye mkutano wa kijiji naunga mkono moja kwa moja. Hapo wapiga kura ndio wanaosikia, na hoja yangu ya kwanza inapata jibu. Leta mrejesho, dada.

Mzee_wa_Dungu

Mwanangu Nyayo, ile nusu niliyokuwa nakudai umenilipa kwa habari ya kitambaa. Rufiji si wilaya yako, lakini kama una likizo njoo. Mpunga wetu unakaribia. Mtoto wangu amejenga dungu jipya, refu, lina mlango. Nguruwe wameshaanza, na wiki iliyopita vijana waliona nyayo za simba kwenye mchanga wa kivuko. Hakuna aliyekuja kuzitazama.

Nyayo_za_Kusini (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Nakuja. Nina siku kumi za likizo, nitakutumia ujumbe pembeni tupange. Naomba hizo nyayo zifunikwe kwa ungo au beseni mvua isizifute, na vijana waweke kijiti pale zilipoanza na pale zilipoishia. Nije na nini?

Mzee_wa_Dungu

Marahaba. Mvua imeshapita juu ya zile za kwanza, ila jana usiku zimeongezeka mbili, hizo tumezifunika. Tochi tunazo. Njoo na viatu vya mvua, na blanketi, dunguni alfajiri kuna baridi.